Kijiji cha Kijani

Ufunguo wa lori ulikuwa ndani ya kiatu cha kushoto cha mtunza ghala, na kila alipokanyaga ulimchoma unyayo. Dereva alishautafuta kwenye msumari unakotundikwa, mezani, hata chini ya mizani, mwishowe akakata tamaa na kuketi kivulini mwa lori lililosheheni magunia ya unga. Mtunza ghala alimpita bila kumtazama, akapanda ngazi kwenda kwa meneja.

Kazini walimwita Redio. Wageni walidhani ni kwa sababu ya mdomo, na siku hiyo wasingekuwa wamekosea sana.

"Lori haliondoki," alisema kabla hajakaribishwa kiti. "Si kwenda huko mnakolipeleka."

Meneja alivua miwani. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomkera zaidi mwanamke huyu, kwani mtu mbaya angalau ungemtukana ukapumua. Akamgeuzia kompyuta, kama alivyomgeuzia wiki iliyopita na wiki ya kabla yake. Programu ilishaamua. Ilijua mvua iliyonyesha na isiyonyesha, ilijua bei za sokoni, na kila Jumatatu ilipiga simu yenyewe katika nyumba za kila kijiji, ikauliza mmekula mara ngapi jana, ikarekodi jibu. Vijiji vyenye njaa ilivipaka rangi nyekundu, vilivyoshiba ikavipaka kijani. Lori lilifuata nyekundu.

Kijiji alichozaliwa mtunza ghala kilikuwa cha kijani, peke yake, katikati ya nyekundu tupu.

"Ng'ambo ya mto ni nyekundu," alisema. "Jua ni lile lile, bosi. Na huo mto wenyewe umekauka. Sisi tunakula nini, mchanga?"

Meneja akasema hajui, ila waliojibu ni watu wenyewe, na yeye hawezi kuwabishia watu matumbo yao.

Hapo uvumilivu ukamwishia mtunza ghala. Akaeleza habari alizoletewa juzi na mjomba wake: kwamba kijijini wameshakula hadi mbegu za kupanda, kwamba kwa mama yake sufuria inapanda jikoni leo, kesho inapumzika, kwamba bangili ya mama, ile iliyomkaa kwenye kifundo cha mkono tangu alipoolewa, sasa inateleza mpaka kiwiko. Hela alizotuma hazikufaa kitu, maana maduka yalikuwa matupu. Alimpigia mama simu mara tatu, na mama akaongea yale yale ya siku zote: wao wazima, je, kikohozi cha mjukuu kimepona? Mtunza ghala alitaka kulia, akajizuia, kisha akaona kujizuia hakuna faida, akalia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema akijifuta kwa kiganja. "Humu ndani kuna mtu anawajibia watu wangu. Nifungulie hizo sauti nizisikie. Kijiji kizima nakijua, mtu akikohoa tu namtambua. Nikikuta hata moja si ya mwenyewe, lori linageuza."

Meneja alifikiri kidogo. Taratibu zilimruhusu kuipinga programu endapo majibu yameghushiwa, wala si kwa sababu nyingine yoyote. Na lori jingine lisingepatikana kabla ya mwezi ujao.

"Na kama zote ni zao, dada?"

Mtunza ghala alivua kiatu, akauweka ufunguo mezani kati yao. Akasema kama zote ni zao, atampelekea dereva kwa mkono wake mwenyewe na kumwomba radhi.

Nyumba kumi na nane ziliorodheshwa kwenye kioo. Mtunza ghala alisogeza kiti karibu. Kwa mara ya kwanza tangu mjomba aondoke alikuwa na tumaini, tena kubwa. Alishaanza kupiga hesabu ya safari: lori likitoka saa sita, saa kumi litakuwa limeegeshwa mbele ya shule aliyosomea, na kabla ya giza mama atakuwa ameinjika ugali.

Meneja akabonyeza nyumba ya kwanza. Spika ikakwaruza, likaja swali kwanza. Sauti iliyouliza ilikuwa ya mtunza ghala mwenyewe, ile waliyoirekodi mwaka juzi walipomfungia ghalani kati ya magunia ili isipige mwangwi, kwa kuwa ofisi nzima ni yeye aliyekuwa na sauti ya kusikilizika.

"Shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Jana hapo nyumbani mmekula mara ngapi?"

"Marahaba, binti yetu," alijibu seremala, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. "Mara tatu. Wewe chapa kazi, usituwaze."

Nyumba ya pili ilikuwa ya mkunga aliyempokea siku alipozaliwa. Naye akasema tatu, mwanangu, tena tumesaza.

Meneja alimtazama mtunza ghala, naye alikuwa akiutazama ufunguo. Akabonyeza ya tatu. Swali likaulizwa tena, kwa upole ule ule, na upande wa pili bangili ikasikika ikigonga simu.

"Tatu, mwanangu," alisema mama yake. "Na wewe je, umekula?"