Funguo za Kabati la Bunduki

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Haika aliitwa kutoa ushahidi katika mahakama moja ya London. Polisi walikuwa wamelizuia duka alilofanyia kazi kuuza bunduki za kuwindia, wakidai hazitunzwi kwa usalama. Mwenye duka alikata rufaa. Akishindwa, duka lingefungwa na Haika angekosa kazi.

Meneja, kijana Mtanzania ambaye Haika ndiye alimfundisha kazi, alikuwa ameshatoa ushahidi wake. Alimfungulia mlango.

"Wajibu mawakili kama unavyowajibu wateja wakorofi, dada," alinong'ona. "Tukishinda, nakupa Jumamosi moja upumzike."

Zamu za Jumamosi zilipangwa na Haika kwa miaka tisa, hadi kijana huyo alipopewa cheo.

Meneja akaketi kando ya mwenye duka, akaweka funguo za kabati la bunduki mapajani. Ufunguo mrefu wa shaba ulikuwa umelika upande mmoja, pale kidole gumba cha Haika kilipokuwa kikiukandamiza kila asubuhi, kabla ya funguo kuhamia kwa meneja. Mwenye duka alimnong'oneza meneja jambo, wakacheka.

Wakili wa polisi akasimama. "Umewahi kukuta kabati la bunduki limeachwa wazi?"

Haika alikuwa amelikuta, akalifunga, asimwambie mtu.

"Ndiyo," alisema. "Mara moja, mwezi wa tatu."

"Nani alikuwa na funguo siku hiyo?"

Meneja alikuwa bado anatabasamu. Haika akalitaja jina lake kamili, kisha akalirudia herufi moja moja, ili jaji aliandike sawasawa.