Mkono Tumboni

Inshirah hakujua kaitwa kucheza harusi ya bintiye mpaka shela ilipofunuliwa. Binti alikuwa amewaambia wakweze kwamba mama yake alishakufa.

Mpiga picha akawasogeza karibu. Kairo nzima, bibi harusi hushika tumbo la mcheza ngoma ya kiuno ili naye apate uzazi.

Nta ya mishumaa ya kinara alichochezea kichwani ilimdondokea Inshirah begani. Hakutikisika. Vidole vya binti vilitua kitovuni, baridi.

"Limewahi kuzaa tumbo hili, we mkata viuno?" mama mkwe akauliza.

"Mmoja tu, bibi. Alikufa."

"Toa mkono, mwanangu! Tumbo la nuksi hilo!"

Bibi harusi akautoa, akaufuta kwenye shela kidole baada ya kidole.

"Ahsante, mama," akamwambia mkwewe.