Risasi ya Kwanza ya Gobore

Katika mji ule, gobore jipya lilifyatuliwa kwanza na fundi aliyelitengeneza, huku mnunuzi amemshika bega. Hicho ndicho kilichokuwa kiapo cha fundi kwamba mtutu ni mzima.

Fundi, Mzee Lugendo, aliona ufa kwenye gobore alilolimaliza, mwembamba kama unywele, pale mtutu unapokutana na kitako. Akaupaka masizi.

"Limependeza," alisema mnunuzi, Kapteni Sembua, ambaye wakati wa mavuno alimuua mwana wa mzee huyo, kisha akamsahau.

Lugendo akashindilia baruti maradufu, akaegemeza shavu kwenye kitako.

"Sogea, mkuu. Mkono wako haujanifikia."

Mkono ukatua begani, mzito.

"Mzee," kapteni akauliza, "mbona unalenga umefumba macho yote mawili?"