Sebule Yenye Usukani

Mkaguzi wa magari mwenye sare aliingia uani bila hodi, akamkuta Mhina na mama mkwe wake wakinywa chai ndani ya Pijo kuukuu.

"Hili si gari?"

"Ni sebule, afande."

Sheria ilisema hivyo: gari linaloendeshwa na binadamu husagwa, ila lisilo na magurudumu ni samani. Mkaguzi akachungulia matofali yaliyolibeba, akaridhika.

"Siku likiota magurudumu, tutajua," akasema, akaondoka.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Uliahidi kunipeleka kwa dada yangu kwa gari hili. Leo amezidiwa."

"Mama, yapo yale yanayojiendesha."

"Nitagombana na nani njiani?"

Mhina aliutazama usukani alioung'arisha kwa miaka, kisha akaenda stoo alikoficha magurudumu. "Zipo rimu za chuma, za asili yake. Na hizi za kung'aa."

"Anayepanda ni mimi au asili? Funga za kung'aa."

Akazifunga, akaliteremsha gari kutoka kwenye matofali.

Walipoingia barabarani, magari yasiyo na dereva yalisimama yote kuwapisha, na kila moja likawapiga picha.

"Yana adabu kweli," mama mkwe akasema, akiyapungia mkono.

Mhina akakanyaga mafuta.