Sauti ya Miezi Mitatu

Siku hizo ukisaini mkataba wa kazi, unaiachia kampuni nakala ya sauti yako, nayo inapokea simu za wateja pamoja nawe mpaka siku za mkataba ziishe, hata ukiacha kazi. Siwema alisaini miezi mitatu. Wiki ya tano, mama yake akapasuliwa macho, akafungwa bandeji, na kila adhuhuri ilibidi atiwe dawa ya matone.

“Nipe saa moja tu mchana, nitaifidia jioni,” Siwema alimwomba meneja.

“Utaratibu ni utaratibu, dada.”

“Basi naacha kazi.”

Meneja hakununa wala hakubisha. Alimfungulia mlango mwenyewe, akatabasamu. “Haya, nenda. Msalimie mama.”

Salamu hizo zilimtia wasiwasi njia nzima. Bosi gani huyu, unamwachia kazi yake naye anakutuma salamu?

Nyumbani alikuta komeo limefungwa kwa ndani, na mama yake anacheka na mtu. Akagonga.

“Mama, ni mimi Siwema. Fungua nikutie dawa.”

Kicheko kikakatika.

“Siwema niko naye hapa kwenye simu,” mama alijibu. “Na ameshaniambia kwamba utakuja, ukijifanya yeye.”