Misumari ya Shingoni

Dukani Kuhmo, mji wa Finland, muuzaji alikwisha kumpangia Aune vifaa vya mtu anayeanza kuvua kwenye ziwa lililoganda: keke ya kutobolea barafu, ufito mfupi wenye ndoana, ndoo ya kukalia.

"Bado misumari ya shingoni, mama, ile ya kuvaa kwa kamba. Barafu ikivunjika ukatumbukia majini, unaichoma nayo ujivute nje."

"Hiyo ninayo."

"Isije ikawa imeshika kutu!"

Aune akaitoa mfukoni. Ilikuwa ndani ya plastiki isiyowahi kufunguliwa, yenye kibandiko cha duka lilelile.

"Nilimnunulia mume wangu mwaka jana. Akanicheka: 'Ziwa hili limenilea, leo litanifanya nini?'"

Muuzaji akachukua mkasi, akaikata ile plastiki taratibu.

Aune akavua kofia yake ya sufu, akainamisha shingo avishwe.