Jiko la Bi Peng

Majiko yote ya jiji la Chongqing yalimpima mpishi afya kabla ya kuwaka. Bi Peng Guilan alibandika tena kiganja chake kwenye kipimo cha jiko, huku nyama ya nguruwe na pilipili vikingoja sufuriani.

“Presha imepanda,” jiko likasema. “Leo ni uji.”

“Nyama si yangu, we! Ni ya mjukuu wangu!”

Jiko likakubali kuwakia uji tu.

Ruoxi alipofika kutoka chuoni, bibi yake alilalamika mpaka sauti ikamkauka. Msichana akamaliza uji wake, akalishukuru jiko kwa adabu, kisha akaitazama ile nyama mbichi.

“Bibi,” akauliza, “hii huwa na ladha gani? Sijawahi kuionja.”

Bi Peng akabandika tena kiganja chake kwenye jiko.